Mabrouka na Mashine Iliyokataa Kusimama

Mabrouka alishona suruali za jinzi miaka kumi na tisa huko mjini Ksar Hellal, na hakuna sindano iliyowahi kumtia hofu. Kiwanda kilipofungwa, akajiandikisha chuoni Monastir kusomea kompyuta. Siku ya kwanza alisita mlangoni. Darasa zima lilikuwa rika la binti yake.

"Shangazi, wazazi wanasubiri chini," kijana aitwaye Aymen akamwelekeza.

"Mimi mwanafunzi," akajibu, akaingia.

Wiki mbili nzima hakugusa kitufe bila kusoma bismillahi. Ya tatu, mwalimu wao Bi Olfa akawapa kazi: waandike programu ya kuhesabu moja hadi kumi. Mabrouka akaandika herufi moja moja, jasho likimtiririka mgongoni. Alisahau mstari mmoja tu, ule unaoongeza namba hadi ifike kumi programu isimame.

Akabonyeza. Skrini ikajaa moja, moja, moja, zikimiminika kama maji ya bomba lililopasuka. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Ndiyo kwanza zinazidi. Mungu wangu, nimeiua mashine ya watu! Akajitupa chini ya meza, akang'oa waya ukutani, kumbe ndio uliolisha safu nzima.

Kompyuta saba zikazimika kwa mpigo.

"Nani huyo?" Aymen alifoka. "Kazi yangu ya saa nzima imepotea!"

Mabrouka alibaki kule chini, waya mkononi. Dada yake alishamwambia: ukubwani hujifunzi, unaaibika tu. Angeweza kuurudisha waya akanyamaza.

"Ni mimi," akasema.

"Loo, shangazi! Hii si cherehani!" Aymen akadakia, darasa likaangua kicheko.

Bi Olfa hakucheka. "Cherehani ikikataa kusimama, hufanyaje?"

"Nakata umeme, isije ikala kidole cha mtu."

"Basi umefanya kifundi. Ila huku kuna njia fupi." Akamwonyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. "Haya, iandike tena. Na kosa lile lile."

"Lile lile? Mwalimu, nitakufa!"

"Hufi, dada yangu. Andika."

Akaandika. Zile moja zikaanza kumiminika, naye kwa hofu akakosea vitufe mara mbili. Ya tatu, zikasimama. Akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga.

Mtihani wa muhula alipata kumi na moja juu ya ishirini, zikatosha kufaulu. Sasa yuko mwaka wa pili, na bado kila akiendesha programu mpya huishika meza kwa mkono wa kushoto, asianguke.