Risiti za Kwenda Australia

Fundi Shigeto Kuwabara alikuwa mtu wa kuamka akiwa ameshachoka. Ujana wake wote aliumaliza juu ya sakafu za watu, akizipiga randa mpaka zing'ae, na sasa magoti yalikuwa yakimdai. Hakuwa na mwajiri. Pale Sanjo, mji wa wahunzi wa patasi na nyundo, maseremala wa aina yake huitwa mabosi wa peke yao: bosi wewe, kibarua wewe, na siku ukiugua kampuni nzima imelala kitandani. Wajenzi wakubwa humwita wanapomtaka na kumkata bei wanapojisikia. Akikataa hawagombani naye, wanampigia simu mwingine. Huo ndio uhuru aliopewa, na bado hutozwa kodi juu yake.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Australia seremala hulipwa kwa saa, na jioni ikifika hutua nyundo akaenda zake, hakuota dhahabu. Aliota jioni.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa fundi mlango wa viza ya huko hufungwa akitimiza arobaini na mitano. Akafanya mtihani wa Kiingereza, akaanguka, akaurudia. Akapimwa damu na mapafu. Akalipia cheti chake cha ufundi kitafsiriwe, na wakala wa viza naye akala chake. Yaani mtu anatozwa hata kwa kuuliza kama anaweza kwenda kuchoka mahali pengine.

Alimwambia mkewe, Natsue, kuwa ni safari ya miaka miwili. Kwenye maombi alikuwa ameomba kuhamia moja kwa moja. Hakuwa na nia ya kutoroka, ila kila alipotaka kuyaanza mazungumzo hayo, alisikia mama yake akikohoa chumba cha nyuma, na Natsue akiinuka kwenda kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji. Basi naye akanyamaza. Kunyamaza hakukuhitaji nguvu.

Natsue ndiye aliyetunza hesabu. Kama wake wengi wa mabosi wa peke yao, aliandikishwa kuwa mfanyakazi wa mumewe, mshahara wake ukitoka kwenye karatasi na kuishia kwenye sufuria. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama kazi hiyo aliiomba.

Wiki ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, wakaenda kwenye ukumbi wa chama cha wafanyabiashara wadogo, theluji ikiyeyuka na kugeuka tope barabarani. Bi Inagaki, karani mstaafu aliyejitolea kukagua hesabu za wanachama, aliwapokea kwa chai na machenza.

"Wa mwisho kama kawaida," alisema. "Kaa, Fundi. Magoti vipi?"

"Yapo."

"Shukuru. Yangu yalishahama."

Akaanza kukagua. Karakana ilikuwa chini na nyumba juu, kwa hiyo kila bili iligawanywa: sehemu ya umeme kwa biashara, sehemu kwa nyumba, vivyo hivyo maji, vivyo hivyo simu. Ndivyo wanavyoishi huko watu wanaofanyia kazi nyumbani kwao, hata taa ya ngazi ina fungu lake. Bi Inagaki aliitikia kwa kichwa akiridhika, kisha kalamu yake ikasimama.

"Na haya mafunzo? Kwenye hesabu zilizopita hukujifunza hata kushika kijiko."

Natsue akajibu kwa fahari kidogo. "Ni Kiingereza, dada. Anakwenda kufanya kazi Australia miaka miwili. Vipimo na ada za viza nimeziweka hapo hapo. Si ni za kazi?"

"Kazi ya nani?" Bi Inagaki alivua miwani. "Fundi, huko unakwenda kuwa nani? Kama unakwenda kwa jina la karakana yako, ukapiga mkataba, ukamaliza ukarudi, hizi ni gharama za biashara na nitazitetea mbele ya yeyote. Lakini kama unakwenda kuajiriwa, biashara hii haipati hata msumari. Hapo umejilipia mwenyewe."

"Andika biashara, Fundi!" muuza tofu ya soya akadakia kutoka meza ya pili. "Mimi mbwa wangu nimemwandika mlinzi wa duka."

"Mbwa wako anakimbia paka," Bi Inagaki akamjibu bila kugeuka. "Geukia karatasi zako."

Watu wakacheka. Shigeto hakucheka. Neno moja tu lilitakiwa: narudi. Angelisema, kodi ingepungua, bima ya afya ingeshuka nayo, wakaenda nyumbani kula. Natsue alikuwa akimtazama akingoja alitamke, kwa utulivu wa mtu anayelijua jibu. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa maji na sabuni. Shigeto akaona kwamba akisema uongo hapa, atakuwa ameuandika kwa mkono wa Natsue.

"Naajiriwa," alisema. "Na si miaka miwili. Nimeomba kuhamia."

Bi Inagaki akashughulika ghafla na chenza lake.

"Peke yako?" Natsue aliuliza.

"Wewe nimekuandika. Mke hufuata."

"Umeniandika." Alilirudia neno hilo polepole. "Na mama?"

"Mama hawampokei. Kwa umri wake."

"Kwa hiyo tungemwacha na nani, na jiko?"

Uchovu, uliokuwa udhuru wa Shigeto mwaka mzima, ulionekana mdogo mbele ya mtu aliyechoka kuliko yeye.

"Dada," Natsue akamwambia Bi Inagaki, "zitoe kwenye biashara. Weka matumizi ya nyumbani."

"Kodi itapanda, mdogo wangu. Na bima itafuata."

"Ipande." Akamgeukia mumewe, sauti chini. "Kama nyumba ndiyo iliyolipa, nyumba itaulizwa. Usipeleke karatasi nyingine ya viza mpaka tukae mimi, wewe na mama, naye asikie kwa masikio yake. Nikisema siendi, ujue nimesema."

"Na ukisema unakwenda?"

"Sijasema."

Bi Inagaki akakata mstari, akapiga hesabu upya, akawapa kiasi kipya bila kukitaja kwa sauti.

Ndani ya gari Natsue alifunga mkanda. "Nani mwingine anajua?"

"Wakala tu."

"Wakala." Alicheka kicheko kikavu. "Haya, washa gari. Mama hajala."