Kitongoji Alichokiwaza Milembe

Luhaga alifariki wiki ile mizani ya pamba ilipofunguliwa. Kila mtu alikuwa shambani au kwenye foleni ya kupimia, na mawingu yalikuwa yanatishia. Waliokuja msibani walikuwa wachache. Kaburi lilichimbwa na shemeji wa marehemu, mzee asiye na nguvu, pamoja na vijana wa bodaboda waliokuwa wakipita kwenda Nkololo. Waliombwa wasaidie, wakasaidia, wakanawa mikono na kuondoka bila kuuliza jina la waliyemzika. Upande wa wanawake alifika Felisita peke yake, mke wa jirani, na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa na mimba kubwa, akawa anasimama njiani kupumua.

Milembe, mjane wa Luhaga, hakuwalaumu watu. Pamba ikinyeshewa imeharibika, na yeye ni mkulima, alilijua hilo. Lakini matanga yalipokwisha alianza kuwaza, na hakuacha tena.

Alikuwa mtu wa michembe. Viazi vitamu alivimenya, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na vilipokauka alivipeleka sokoni Bariadi. Ni kazi ya mikono, kichwa kinabaki huru. Kichwa chake kikajenga kitongoji. Katika kitongoji hicho mfiwa hatazami barabarani kuona nani anakuja, kwa kuwa hakuna asiyekuja. Mjane hazunguki kuazima jembe. Mgeni aliyehamia juzi anazikwa kama aliyezaliwa hapo, na mwenye ng'ombe wengi analala kwenye turubai moja na asiye na hata kuku. Aliwaza mpaka nani atakoka moto na nani atapika uji wa wachimbaji. Barabara ya lami hakuiwaza, wala umeme. Alichokitaka yeye watu wangeweza kukianzisha wenyewe, wakikubali tu.

Siku ya mkutano wa kitongoji alinyoosha mkono.

"Mimi mume wangu amezikwa na wapita njia," alisema. "Sitaki mwingine humu azikwe hivyo. Msiba ukitokea, kila nyumba itoke. Nyumba isiyotoka tuitenge."

Kila mtu alijua kutengwa ni nini, maana ni adhabu ya zamani. Aliyetengwa hasalimiwi. Hakai kwenye foleni ya kisima wala ya mashine ya kusaga, haazimwi chumvi wala moto. Akifiwa, anazika mwenyewe.

Yakobo, mwenyekiti, aliuliza kama kuna anayepinga. Scola, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wote pale, akamgeukia Milembe akadakia, "Nani apinge, mayu? Mimi hata siku nikifa mwenyewe nitahudhuria, nisije nikatengwa!"

Walicheka, wakapitisha. Vijana walioko Mwanza walitangaziwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na sheria ilifanya kazi. Hashimu muuza duka, mtu wa Kondoa, alipofiwa na mama yake, kitongoji kizima kilisimama juani, Wakatoliki na wa AIC pamoja. Hawakujua dua, lakini walijua kusimama. Hashimu alilia kuliko alivyokuwa akilia kabla hawajafika. Watu walianza kumwita Milembe mama wa kitongoji. Alianza kuzeeka bila hofu. Hakuwa amejaliwa mtoto, na siku zote jambo moja lilikuwa likimtisha, kwamba siku yake ikifika hatakuwepo wa kumfukia. Sasa alikuwa na kitongoji kizima.

Kisha mzee Bujiku akafa.

Miaka ya nyuma Bujiku alisimama mbele za watu akamwita mama yake Felisita mchawi, kwa sababu ya macho yake mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi ya kupikia, kama ya wanawake wengi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama yule alikimbilia Bukundi kwa kaka zake, akafia huko. Kwa hiyo Bujiku alipokufa nyumba zote zilitoka, isipokuwa moja. Felisita alibaki uani kwake akitwanga, na mumewe Dastan akabaki naye.

Mkutano ulipoitishwa, Felisita hakujificha.

"Nisingeweza kumlilia," alisema. "Ningekuja ningecheka. Mngependa nije nicheke?"

Watu wakamtazama Milembe. Alijua ndoo ile ya maji aliyoleta Felisita msibani kwake ilivyokuwa nzito. Lakini aliona pia kwamba kila mtu pale ana aliyemkosea, na kila mmoja angeweza kupata sababu ya kubaki nyumbani. Wangeondoka mmoja mmoja, mpaka irudi siku ya Luhaga.

"Tukimwachia mmoja, kesho watakuja wengine," alisema. "Sheria iwe moja."

Felisita alifunga khanga yake vizuri, akaenda.

Waliishi hivyo, nyumba yao imetengwa, mavuno mawili. Felisita alichota maji alfajiri kabla ya watu, akasaga mahindi kijiji cha mbali. Kija, binti yake aliyekuwa tumboni siku ile ya msiba wa Luhaga, sasa alikuwa mtoto wa shule. Akikutana na Milembe njiani alimpigia goti na kumwamkia kwa Kisukuma kama mama yake, "Mwangaluka, mayu," maana mtoto hajui sheria. Milembe alitazama chini akapita. Mbele kidogo aliitikia kimoyomoyo.

Masika yale Kija alishikwa na homa. Walimpeleka hospitali Bariadi, na siku ya pili gari la kukodi lilimrudisha akiwa amefunikwa khanga.

Kilio cha Felisita kilifika kila nyumba. Hakuna mlango uliofunguka. Milembe alikuwa anakata viazi. Aliendelea kukata, na vipande vikatoka vinene, visivyofaa kuanikwa. Alijua sheria yake vizuri kuliko mtu yeyote. Anayekwenda kumzikia aliyetengwa anatengwa naye. Akitoka mlangoni na ndoo, anatoka kwenye mikono yote ile aliyojiandalia ya kumzika.

Alijaza ndoo, akajitwisha.

Felisita alikuwa ameketi chini, mtoto mapajani. "Umefuata nini?"

"Nimeleta maji, mwanangu."

"Maji ninayo. Niliyachota alfajiri, kama mlivyotaka."

Milembe alitua ndoo. Nyuma ya nyumba Dastan alikuwa anachimba na kaka yake aliyekuja kwa pikipiki kutoka Mkula. Akawaendea, akaomba jembe.

"Mama, hii ni kazi ya wanaume," alisema Dastan.

"Wanaume wako wapi?"

Dastan alichomeka jembe ardhini. Akampa karai la kutolea udongo. Milembe alitoa udongo mpaka mgongo ukagoma, na alipoketi kupumzika alisikia sauti ya Felisita kutoka ndani, ndogo, kama ya mtu anayezungumza na ukuta.

"Njoo umshike kichwa. Peke yangu siwezi kumwosha."

Alikwenda akamshika. Nywele za Kija zilikuwa zimesukwa upya, na nusu yake haikuwa imemalizika. Homa ilikuwa imemkuta katikati ya kusukwa. Walimwosha pamoja. Katekista alitoka kigango kingine, akasali, akaondoka. Pale kaburini walisimama watu wanne.

Siku chache baadaye mkutano ulimwita Milembe. Yakobo alisema alichopaswa kusema mbele za watu, kisha akamsogelea na kushusha sauti.

"Mama, hatutaki makubwa. Sema tu kwamba ulikosa ulipokwenda kule. Mbuzi wa kula pamoja nitamtoa mimi zizini kwangu, yaishe. Sisi tunataka kukuzika, mama."

Hakuwa anamdhihaki. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na Milembe aliyaona. Alitazama watu wote wale, wachimbaji, wapika uji, wakoka moto, kila mmoja mahali alipompangia. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya kuwa mmoja wao.

"Nilikosa," alisema.

"Asante Mungu," Scola alisema kwa sauti.

"Nilikosa nilipomtenga Felisita. Kumzika mtoto sikukosa. Kusema kwamba na hilo ni kosa nimejaribu nyumbani, nikiwa peke yangu, mdomo unakataa. Ongezeni neno kwenye sheria, baba. Mseme mtoto asiguswe."

Yakobo aliinamisha kichwa. "Leo mtoto, kesho mgonjwa, keshokutwa mwenye kinyongo. Itabaki nini? Tangu ulipotupa sheria hii hakuna mtu humu aliyezikwa peke yake."

"Yupo," Milembe alisema. "Ana miaka saba."

Scola alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, akilia. Kisha mmoja akainuka, na mwingine, na walipompita walimpisha kwa adabu, kama mama mtu mzima anavyopishwa, wakitazama pembeni.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa Felisita, akamkuta uani anafunga mizigo. Magunia, sufuria, godoro lililokunjwa. Basi la Meatu lingepita asubuhi. Felisita alikuwa anahamia Bukundi, kwa wajomba zake.

"Wamesemaje?" Felisita aliuliza bila kuinua uso.

"Wamesema wanataka kunizika."

"Na wewe?"

"Walitaka niseme neno kuhusu Kija. Sikulisema."

Mikono ya Felisita ilisimama. Kisha ikaendelea na kamba. "Twende Bukundi. Wajomba hawatakukataa."

Milembe alifikiria Bukundi, uwanda wake mkavu, watu asiowajua hata mmoja. Alifikiria mwamba wake, na kilima kidogo cha Luhaga ambacho majani yakiachwa yanakimeza kila masika. "Nikienda, yule nitamwachia nani?"

Felisita hakumbembeleza, wala Milembe hakutegemea kubembelezwa. Godoro lilikuwa linafunguka kila linapokunjwa, kazi ya watu wawili, na Dastan alikuwa nyuma ya nyumba akiaga kaburi la Kija.

"Shika hapa," Felisita alisema.

Milembe alipiga magoti, akashika ncha ya kamba kwa mikono yote miwili, na Felisita akavuta upande wa pili, akakaza.