Daftari la Nani Anamtegemea Nani

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kazi ya kompyuta, hutarajia nitaje chuo. Chuo nilisoma, cheti ninacho, wala sikidharau. Lakini aliyenifundisha kazi hasa alikuwa mchapaji wa ofisini kwetu, binti wa Kariakoo ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la kompyuta. Namshukuru mpaka leo. Shukrani yenyewe ina aibu ndani yake, kwa hiyo nitaisimulia yote.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ile iliyobana kweli, sabuni kwa foleni na unga kwa foleni. Ofisi yetu ilikuwa Posta, na kazi yetu ilikuwa kupanga malori ya kupeleka unga na sabuni kwenye maduka ya ushirika mikoani. Tulikuwa na kompyuta moja, kubwa kama kabati la nguo, na programu iliyoandikwa kwa lugha iitwayo Lisp. Aliyeiandika alikuwa mtaalamu mgeni. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, akaniachia mimi. Nilikuwa kijana, na kwa fahari niliyokuwa nayo hata kuinama nilikuwa naona taabu.

Lisp ni lugha ya mabano. Kila agizo hufunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano, na ndani yake mna mabano mengine tele. Mchapaji aliingiza programu kutoka kwenye karatasi zangu, akihesabu mabano kwa kugonga meza na ncha ya kalamu. Alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi michache, unaofanywa upya mkuu wetu akipenda. Baba yake alikuwa amefariki, duka lao la vitambaa lilikuwa limebaki na rafu tupu, na mshahara ule mdogo ndio uliomlisha yeye na mama yake. Hilo ofisi nzima tulilijua.

Programu ilikuwa imegawanywa katika mafaili: faili la barabara, la malori, la safari, la ripoti, na mengine. Kila faili lilipaswa kwanza kutafsiriwa na mashine kuwa lugha yake yenyewe, na kuyatafsiri yote kulimaliza asubuhi nzima. Umeme nao ulikatika utakavyo. Basi nikajiwekea utaratibu niliouona wa busara: natafsiri lile tu nililoligusa. Enzi zile kubana matumizi ilikuwa sifa, hata ukutani tulikuwa tumebandika tangazo lake.

Tabu ni kwamba mafaili hayaishi peke yake. Moja hutumia kitu kilichoandikwa katika jingine. Tena katika Lisp kuna kanuni za aina fulani ambazo mashine huzinakili ndani ya kila faili linalozitumia, wakati uleule wa kutafsiri. Ukiibadilisha kanuni baadaye, faili lililokwisha kutafsiriwa halina habari. Linaendelea na nakala yake ya zamani. Ukishakanda unga wa maandazi, kubadilisha chumvi iliyo koponi hakusaidii kinyunya.

Mchapaji aliligundua hili bila kusoma Lisp. Katika kuchapa aliona jina likianzia faili hili na kutajwa tena katika lile. Akanunua daftari la shule, akaandika kila kanuni, na chini yake mafaili yanayoitegemea, na pembeni siku ambayo kila faili lilitafsiriwa mara ya mwisho. Nilimtania kwamba amekuwa balozi wa nyumba kumi wa mafaili. Alicheka, akaendelea kuandika.

Masika yalipoanza, tuliagizwa programu ijue barabara zilizojaa maji. Nikaibadilisha kanuni ya kupima kama barabara inapitika, ili isome alama ya mafuriko. Nikatafsiri faili la kanuni na faili la barabara, na mchapaji akaingiza orodha mpya yenye alama hizo. Aliniuliza kama faili la safari nalo sitalitafsiri. Nilikuwa na haraka, maana wageni kutoka wizarani walikuwa wanakuja kesho yake kuiona mashine ikifanya kazi.

“Dada,” nilimwambia, “wewe chapa tu.”

Wageni wakaja, wakakaa. Mashine ikapanga safari vizuri, mpaka ilipofika lori moja la unga, ikalipitisha kwenye barabara ambayo kila mtu pale chumbani alijua iko chini ya maji. Mgeni mmoja, mtu wa Kusini, akauliza kama lori hilo limefundishwa kuogelea. Wakacheka wote isipokuwa mkuu wetu.

Walipoondoka, mkuu aliniuliza kimetokea nini. Nikamjibu kwamba pengine ni kosa la kuchapa. Sikusema uongo kwa kukusudia. Niliamini kweli kwamba kosa haliwezi kuwa langu. Nyani haoni kundule. Mkuu akasema basi mkataba wa mchapaji haufanywi upya, barua ataiandika kesho. Mchapaji mwenyewe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anasikia kila neno. Umeme ukakatika, na sote tukaenda zetu nyumbani.

Asubuhi nilimkuta mezani kwangu. Alikuwa amechukua orodha ya barabara na karatasi zangu, amelinganisha mstari kwa mstari kwa rula.

“Kaka, alama zote nimezichapa sawa. Soma mwenyewe.” Kisha akafungua daftari na kuweka kidole kwenye zile tarehe. “Kanuni umeibadilisha juzi. Faili la safari lina wiki tatu.”

Nililitafsiri faili la safari, nikaiendesha programu, na lori likapita barabara ya juu, salama salimini.

Nakiri kwamba nilikaa. Nilikunywa chai kikombe kizima nikijiambia kwamba tatizo limekwisha, na kwamba mkuu akiona programu imepona huenda barua ataisahau. Nilijua hataisahau. Nikainuka nikaenda. Nilimkuta tayari ameanza kuandika, nikamwambia kosa si la mchapaji, ni langu, na kwamba aliniuliza mapema nikampuuza. Akaweka kalamu chini.

“Sasa barua hii nimwandikie nani?”

“Niandikie mimi, mzee.”

Akaniandikia. Ilikaa katika jalada langu na kunichelewesha cheo, na niliistahili. Mchapaji akapewa mkataba mpya, na ikawa amri kwamba hakuna faili linalotafsiriwa kabla daftari halijafunguliwa. Baadaye tukaandika daftari lenyewe kwa Lisp, yeye akitaja na mimi nikiandika: ukigusa faili moja, mashine inakuambia mengine yapi yatafsiriwe tena, na lipi litangulie. Kila nilichojenga tangu hapo kimesimama juu ya kazi ile.

Ila Ijumaa ya wiki ileile ya barua, mchapaji aliniambia mama yake ananiita. Kesho yake nikatembea kutoka kwangu Ilala hadi Kariakoo, nikipanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Walikaa nyuma ya duka. Mama alikuwa ametandika mkeka, ameweka kahawa na mkate wa kumimina, na sukari siku hizo kila mtu anajua ilivyopatikana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikatia kipande kikubwa. Niliona wazi kwamba binti amemficha mama, amemwambia mimi ndiye niliyemtetea. Nikakirudisha sahanini.

“Mama, mimi ndiye niliyemsingizia mwanao.”

“Najua,” alisema. “Siku ya kwanza alirudi analia, nikakuapiza kwa kila ninachokijua. Siku ya pili akaniambia umekwenda mwenyewe kwa mkubwa wenu kusema. Yale maapizo nikayafuta. Nimekuita nikwambie yamefutwa, usije ukaishi nayo bure.”

Nikakichukua tena kile kipande nikala, machozi yananitoka mbele ya wanawake wawili, na binti akanimiminia kahawa.