Wadhamini Watatu wa Sanya Juu

Katika ofisi yetu ya kuwatafutia watu kazi, iliyo juu ya kibanda cha fundi cherehani pale Majengo, mimi ndiye ninayehakiki wadhamini. Wenzangu, ambao ni vijana, huhakiki kwa simu. Mimi simu siiamini. Niliwahi kumpigia mdhamini aliyejitambulisha kuwa meneja, na nyuma ya sauti yake nikamsikia mama yake akimwita aje kumfunga ndama. Tangu siku hiyo naenda mwenyewe.

Ninayo pia kanuni: sisemi ni kazi gani kabla ya kuuliza tabia. Mtu akijua kwamba kazi ni ya ulinzi, atakuapia kuwa mpwa wake hajawahi kusinzia tangu azaliwe.

Mwaka jana mwenye ghala moja la kahawa alituomba msimamizi wa makuli. Makuli wenyewe walikuwa ishirini, wakaidi wote, na msimamizi aliyetangulia alikuwa ameondoka akilia. Akaja binti kutoka vijiji vya juu ya Sanya Juu. Vyeti vyake vilikuwa safi, lakini alizungumza kwa sauti ndogo hivi kwamba ilinibidi niiname juu ya meza ili nimsikie.

"Utawaweza makuli, binti?"

"Nitawaweza, mzee. Nimekataliwa mara tatu kwa kuwa naonekana mpole. Na wewe ukinikataa, siombi tena. Nitabaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe."

"Hayo umeyasema wewe. Ngoja niyasikie kwa wengine."

Kwa kuwa kazi pekee aliyowahi kuifanya ilikuwa kusimamia vibarua katika shamba la ukoo, wadhamini wake walikuwa baba yake, shangazi yake na baba yake mdogo. Jumamosi nikavaa koti, nikanunua kilo mbili za sukari, maana sikulelewa kuingia nyumbani kwa watu mikono mitupu, nikapanda mlimani. Niliwakuta wote watatu wameketi uani. Nikawaeleza kwamba nimekuja kuulizia habari za binti yao, kwa niaba ya mtu anayemhitaji.

Walitazamana. Shangazi akaipokea sukari kwa mikono miwili na kupiga goti. Mbege, pombe yao ya ndizi, ikaletwa.

"Karibu sana, mzee," alisema baba. "Uliza lolote."

Nilifungua daftari. "Je, ni mkali?"

"Mkali? Huyu?" Shangazi alicheka. "Hata kuku akiingia jikoni humwomba radhi!"

"Mwanamume akimpinga, hujibu?"

"Hajibu kamwe," alisema baba. "Macho chini, kimya."

Niliandika: *Hajibu.* Nakiri kwamba niliandika kwa huzuni, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumpenda yule binti kama mtumishi wa baadaye.

Baba mdogo akaafiki kwa kichwa, akanisogezea kata ya mbege. "Na huyo mtu wenu, mzee, ni wa umri gani?"

"Mtu mzima. Tunalingana."

Kata ilibaki hewani.

"Mnalingana!" alisema shangazi. "Na kabla ya huyu wetu hakuwa na mwingine?"

"Alikuwepo. Aliondoka akilia."

"Yesu na Maria! Walimfanya nini?"

"Walikuwa ishirini," nikamjibu kwa ukweli, "naye alikuwa peke yake."

Shangazi alisimama. Baba mdogo naye alisimama, akiwa ameishika kata kama rungu, akaniuliza ni ukoo gani uliothubutu kunituma. Baba alikuwa akinirudishia sukari yangu. Ndipo binti akatokea migombani na mzigo wa majani kichwani. Alinitazama mimi, akaitazama sukari, akautua mzigo chini kwa kishindo.

"Baba mdogo, weka kata chini! Shangazi, kaa! Baba, nisamehe, lakini mzee huyu ni wa ofisi ya kazi, hakuja kuposa! Nani kawaambia naolewa?"

Walikaa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mzee, shikamoo. Hukuweza kusema ni kazi tangu ulipoingia? Mtu mzima na daftari lako!"

"Marahaba," nilijibu, nikagundua kwamba nami nilikuwa nimeketi wima na kulifunga daftari bila kuambiwa.

Binti ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Aliziba mdomo, na sauti yake ndogo ikarudi. "Basi nimeikosa na hii."

Sikumjibu, kwa kuwa sina mazoea ya kutoa uamuzi nje ya ofisi. Nilipokuwa naaga, baba alichuma jani la isale ukingoni mwa shamba, akanipa kwa mikono miwili ili niwasamehe. Nililipokea kama ilivyo desturi, na baadaye nikaliweka katika jalada la binti, nyuma ya vyeti.

Jumatatu mwenye ghala alipiga simu. Aliuliza kama wadhamini walithibitisha kwamba binti ana ukali unaotakiwa.

"Wote watatu wamekanusha," nilimwambia. "Lakini niliwaona wakikanusha, na nilimwona yeye akiwakalisha. Nampendekeza bila shaka yoyote."

Aliuliza kama binti anaweza kuanza siku ile ile.