Karatasi ya Mugongo ya Neema

Rafiki yangu, mutoto wangu, we njo nakuaminia hii maneno. Nakumbuka siku moja yenye nilichekaka munganga, na mupaka leo kile kicheko kinaniuma.

Nilikuwa mama kijana, tunalima ku Lubondja. Neema, mukubwa wa batoto yangu, alikuwa na miaka kenda. Akaanza kusema mugongo inauma. Nikamuita muvivu, nikamubebesha mihogo. Kisha akakonda, na kila mangaribi mwili inapata moto. Njo nikamupeleka ku santre ya afya, kwa munganga wa dawa za hospitali.

Munganga akapitisha kidole pole-pole ku mugongo, kikasimama pa mufupa moja yenye kutokeza.

"Mama, hii ni kifua kikuu."

Nikacheka. "Munganga, mi nimekuletea mugongo, we unanipa kifua? Mutoto hakohoe ata kidogo!"

Bamama bote ku musururu bakacheka na mi. Yeye hakucheka.

"Inaingiaka mu mifupa pia. Inakula mufupa mupaka inavunjika. Umupeleke ku hospitali ya Baraka leo. Na muntu asimukande." Akaandika karatasi kwa Kifaransa, chini akaongeza ile onyo ya kukanda kwa Kiswahili, ili nionyeshe baba ya Neema.

Sikuonyesha muntu. Ile jina ya kifua iliniletea haya: nani tena atakunywa mayi ku nyumba yangu? Nikaficha karatasi mu Biblia, na ata ile Biblia sikujua kuisoma. Nikamupeleka Neema kwa mama mumoja mwenye kukanda. Mayi ya moto, mafuta ya mawese, vidole vya nguvu. Mi njo nilimushika mikono.

"Mama, inatosha! Munganga alisema..."

"Nyamaza! Unabishana na bakubwa?"

Nilikuwa naomba Mungu, huku namushika.

Siku ya Mungu moja, asubui, akataka kusimama twende ku kanisa. Miguu ikakataa. Tukamubeba mupaka Baraka, ku hospitali bakanionyesha picha: mifupa mbili ya mugongo imeliwa, imeangukiana. Alikunywa dawa miezi mingi, ugonjwa ikaisha. Mugongo haikunyooka. Leo anatembea na fimbo, ameinama kama muntu anatafuta kitu chini.

Miaka ikapita, nikaanza masomo ya mangaribi, ya bakubwa benye kujifunza kusoma. Mwalimu akasema tulete kitu cha kusoma. Nikafungua Biblia, karatasi ikaanguka. Nikasoma pole-pole: a-si-ka-ndwe.

Neema alikuwa karibu, anashona. Hakuinua kichwa. "Mama, mi nilisikiaka ile siku."

Mutoto wangu, mugongo ya mutoto ikiuma majuma mingi, usiite uvivu. Jina ya ugonjwa isikuchekeshe, wala isikupe haya. Mufupa yenye munganga hajaangalia, usiache muntu aikande. Na mutoto akisema "munganga alisema", umuache amalize.

Mungu akulindie mifupa ya batoto yako, moja moja. Kesho ukienda kuteka mayi, uambie ata mama mumoja hii habari. Neema umutaje jina. Yeye mwenyewe amekubali.