Walimpa Pua, Wakamnyang'anya Kidole

Padri alipovuta kitenge, mwanamke wangu alikuwa na pua.

Jumuiya yetu nzima ya kanisa ikapiga vigelegele hapa kwangu Mabanga. Mwenyekiti wetu alirukaruka mpaka kikombe kikaanguka. Mimi peke yangu nilikuwa nimeshika mdomo, na wakafikiri nalia kwa furaha.

"Muacheni alie," akasema mulamwa wangu, yaani dada ya marehemu mume wangu. "Ameona mkono wa Mungu."

Nilikuwa nimeona mkono wake yeye.

Wacha nianze mwanzo. Miaka mingi nilitokwa na damu, ile shida ya akina mama. Waliokuja kuniona walikuwa wanaangalia vyombo vyangu kuliko uso wangu. Mulamwa aliniuliza, nikiwa kitandani nimemtolea macho, ile sufuria kubwa itaenda kwa nani. Basi nikapasuliwa huko Kitale, nikapona bila kumwomba ruhusa, na sufuria bado ni yangu.

Siku moja nikitoka kliniki nilipita kwa mzee mmoja pale Kitale anayeuza vitu vilivyoachwa kwa nyumba za walowezi: viti, mabeseni, saa zilizokufa. Nyuma ya kabati nikaona ubao mweusi wa kuchongwa, watu wametokeza kama wanataka kutoka. Yesu yuko katikati ya umati. Nyuma yake mwanamke amepiga magoti, amenyoosha mkono, na kidole kimoja kimegusa upindo wa kanzu. Yule mgonjwa wa kwenye Injili. Ugonjwa wake ni wangu. Lakini uso ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Mbona hana pua?" nikauliza.

"Mama, hiyo ni kitu ya zamani sana. Ilikuwa kanisa ndogo ya shamba ya mzungu, huko njia ya Suam. Wafanyakazi walikuwa wanamshika uso wakiomba. Pua imeisha na maombi."

"Na hii kona iliyotafunwa? Hata panya walikuwa wanaomba?"

"Hao panya ni wa juzi," akasema bila aibu.

Nilikuwa nimeweka pesa ya ndama. Ndama akangoja.

Ubao niliuning'iniza ukutani, na kila asubuhi niliweka kidole changu juu ya kile chake, kidogo kama punje ya mchele. Huyo mama alijua. Pua yake sikuwahi kuitafuta.

Halafu padri akakubali kuja kuubariki. Na hapa kwetu, padri akija kwako, jumuiya inatangulia siku moja kuandaa nyumba. Kila kitu kinasuguliwa. Kwa jirani niliwahi kuona jogoo akioshwa miguu, na alikuwa hata si wa kuchinjwa. Mimi siku hiyo nilikuwa na kliniki, kwa hivyo ufunguo ulibaki na mulamwa. Kurudi, nikakuta ubao umefunikwa kitenge.

"Usifunue, mulamwa," akaniambia, maana naye huniita hivyo. "Hiyo ni ya Fatha."

Harufu ya rangi niliisikia, lakini mlango pia ulikuwa umepakwa.

Basi padri akavuta. Kanzu ya Yesu ilikuwa buluu, ile iliyobaki walipopaka geti la kanisa. Mwanamke alikuwa na midomo myekundu. Pua alitengenezewa na mume wa mwenyekiti, fundi wa vitanda, kwa unga wa mbao na gundi, na ilikuwa kubwa kama kitasa. Padri akasema, "Nzuri sana," chapati ikiwa mdomoni.

Alipoondoka nikasogea karibu.

"Kidole kiko wapi?"

"Kidole gani?" mwenyekiti akauliza.

"Kilichokuwa kinagusa nguo."

"Ooh, ile kitu ndogo? Si tulidhani ni uchafu imeganda. Nikapiga msasa."

"Ati uchafu!"

"Wewe nawe," mulamwa akaingilia. "Si wewe ulipona, bana? Kwa nini huyu abaki mgonjwa, hata pua hana? Fatha angesema sisi ni watu gani?"

Wakacheka, wakaosha vikombe, wakaenda. Wakaniacha na mama mwenye pua kubwa, amepiga magoti nyuma ya Yesu, ngumi iko hewani, kama mtu anayegonga choo chenye mtu ndani.

Jumuiya ijayo ni kwa mwenyekiti. Nitaubeba huu ubao, niuweke mezani kabla ya chai, na sitaki mtu aniimbie. Mwenyekiti na msasa wako, bwana yako na gundi yake, na wewe mulamwa uliyewafungulia mlango: pua yenu chukueni. Huyu mama alikuwa ameshamfikia Yesu. Ni nani kati yenu alimrudisha nyuma? Asimame hapo mbele ya watu, ajibu.