Kata Iliyokunywa Sabuni

Shule zilipofunguliwa tuliambiwa na redio. Mengine yote tuliyajua kwa kutazama ndoo. Korona ilipopamba moto, kila duka pale Njoro lilikuwa na ndoo yenye koki mlangoni, sabuni ya maji, na mtu wa kukukazia macho mpaka unawe. Kwanza mtu yule akaondoka. Kisha sabuni ikaisha na hakuna aliyenunua nyingine. Kisha maji. Siku niliyokuta mwenye duka jirani anahifadhia maharage kwenye ndoo yake, koki bado inaning'inia, nikajua mambo yamerudi kama zamani. Nikasononeka.

Mimi ni mtu wa ndani. Nashonea nguo sebuleni kwangu na nakula nilichopika mwenyewe. Kwa muda ule wote kanisa, redio na majirani walinihimiza nifanye kilekile nilichokuwa nikisemwa kwacho miaka yote: nikae nyumbani. Hakuna vikao, hakuna kupeana mikono, hakuna mgeni wa "nimepita tu" anayekaa hadi chai ya jioni. Nilikuwa raia mwema bila kutoa jasho. Mdogo wangu wa kike, ambaye hajawahi kunionea huruma, aliniita mtawa wa Njoro.

Yeye korona ilimkalia vibaya. Mchumba wake, kijana wa upande wa Bomang'ombe anayepandisha wageni mlimani, alikuwa alete posa. Ikaahirishwa. Hata ndoo zilipokauka ikaendelea kuahirishwa, kwa sababu ya mtu mmoja tu: baba mdogo wa kijana. Baba mzazi alishafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye wa kuzungumza, na baba mdogo alikuwa bado anavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine.

Sasa, kwetu posa huja na mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege ya posa hunywewa kwa kata moja, kibuyu kilichokatwa kikawekwa mkono wa kushikia. Aliyeileta huonja kwanza mbele ya watu, akameza, ndipo anampa mwenye nyumba. Asipomeza, mazungumzo hayaanzi. Baba mdogo akatuma ujumbe kwamba atakuja na vikombe vya plastiki, kila mtu na chake. Mwenye nyumba kwa upande wetu, baba mkubwa kule Uru, alijibu kwa sauti ambayo haikuhitaji simu.

"Vikombe ni vya mahafali! Asiyetaka kata yangu hataki binti yangu!"

Mdogo wangu akawa mjumbe kati ya wazee wale mpaka wakakubaliana: baba mdogo ataonja kabla ya mdomo wa mtu mwingine yeyote, na kata haitamrudia.

"Kaka, huyu mzee akipata kisingizio kidogo tu anaondoka," aliniambia. "Halafu mimi nitazeekea kwako."

"Kwangu hakuna nafasi," nikamjibu.

Siku yenyewe nilipanda Uru asubuhi, nikamkuta mdogo wangu amechuchumaa nyuma ya jiko na ile kata. Ilikuwa ya tangu enzi za babu, nyeusi tii, maana hukaa imening'inia juu ya meko. Alikuwa anaisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga.

"Atasema ni chafu," alisema bila kuinua kichwa.

Nikatoa sanitaiza mfukoni. "Ongeza na hii."

Ilipauka ikawa rangi ya biskuti. Tukaridhika. Sisi tumekulia mjini, kwenye glasi za dukani, na hatukujua jambo ambalo mtoto yeyote wa Uru angetuambia: kibuyu nacho hunywa. Huoshwa kwa maji matupu. Ukikipa sabuni kinaihifadhi, halafu kinamtolea mgeni.

Wageni wakafika. Baba mkubwa alinyoosha mkono, baba mdogo akatoa kiwiko. Baba mkubwa akakishika kile kiwiko akakitikisa vizuri kama mkono.

Mbege ikachotwa. Baba mdogo akavua barakoa ya kwanza, akaikunja. Akavua ya pili.

"Kumbe una masharubu!" akasema mama mkubwa.

Akanywa. Kisha akatulia, mashavu yamejaa, na kwenye masharubu yake kukabaki povu jeupe mno. Mbege haina povu la namna ile. Nilimtazama mdogo wangu aliyesimama mlangoni na sinia la ndizi, alikuwa ameshaelewa. Baba mdogo akitema, amekana posa aliyoileta mwenyewe. Mzee akageuza macho kwa kijana wake, na kijana alikuwa anaangalia viatu vyake.

Akameza. Tuliisikia ikishuka.

Baba mkubwa akapokea, akanywa, naye akatulia. Mwenye nyumba akitema, amemkataa mkwe. Akameza.

Wakatazamana.

"Mbege yenu ni safi," akasema baba mkubwa polepole.

"Safi sana, meku, mzee mwenzangu. Sijawahi kunywa mbege safi kiasi hiki."

"Inaosha hadi chini."

"Nahisi."

Mama mkubwa akanyakua kata, akainusa. "Mama Maria! Nani ameosha kata kwa sabuni?"

Mdogo wangu akanitazama mimi, msaliti yule. Wote wakanitazama. Chupa ya sanitaiza ilikuwa inachungulia mfukoni mwangu.

"Mpeni mtawa," akasema baba mkubwa. "Amalize."

Nikanywa. Kwa mwaka mzima sikuwa nimegusa hata kijiko cha mtu, na sasa nilikunywa mate ya koo mbili na sabuni ya kufulia. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa, na hakuna aliyesogeza kiti. Akanyoosha mkono mtupu.

"Nipeni tena hiyo kata. Hapo hakuna mdudu aliyebaki hai."

Kata ikamrudia, na ikamrudia tena. Barakoa zake tulizikuta jioni chini ya kiti.

Posa ikapita. Kilichobaki ni vikao vya harusi, kila Jumapili, na palitakiwa pahali mjini. "Kaka ana sebule," akasema mdogo wangu haraka, kabla sijafungua mdomo.

Jumapili ya kwanza nilisukuma cherehani ukutani, nikapanga viti. Halafu nikaijaza maji ndoo yangu yenye koki, nikaiweka mlangoni pamoja na sabuni. Wakaipita wote, wakaningoja ndani na mikono imenyooshwa kunisalimia.